Kinachotoka Kabla ya Mwali

Anayembabua kuku juu ya moto ili kumaliza vinyoya vilivyobaki anaijua ile harufu: kali, ya kuchoma pua, isiyofanana hata kidogo na ya kuni zinazowaka chini yake. Moto ni uleule na hewa ni ileile. Kilichobadilika ni kinachoungua. Manyoya ni protini karibu tupu, na protini, iwe ya kuku, ya maharage au ya jani la mpapai, huwa na nitrojeni ipatayo asilimia 16 ya uzito wake. Salfa iliyomo kwenye manyoya huongeza ukali wa harufu hiyo, lakini pua inanusa pia vipande vya protini vilivyopasuka kwa joto la ghafla na kukimbia na nitrojeni yao kabla havijaungua.

Mpasuko huo hutokea, hata pua isipotuonya, kila panapochomwa kitu kilichotokana na mmea: kwenye boila ya kiwanda cha sukari, kwenye shamba linalosafishwa kwa moto kabla ya mvua, kwenye mafiga ya jikoni. Wahandisi wa tanuri huko Ulaya wamehangaika nao kwa miongo mingi. Kwetu hautajwi sana, na nadhani wakati wa kuutaja umefika, kwa sababu mabaki ya mashamba yetu yanageuzwa fueli kwa kasi kubwa. Kiwanda cha saruji cha Hima, wilayani Kasese magharibi mwa Uganda, kimekuwa kikichoma maganda ya kahawa ili kupunguza fueli za kuagiza. Kiwanda cha sukari cha TPC, nje kidogo ya Moshi, huzalisha mvuke na umeme kwa makapi ya miwa. Pumba za mpunga huchoma matofali, na maganda ya korosho huwasha boila. Anayenunua mabaki hayo huuliza kwanza yanatoa joto kiasi gani. Naona swali la pili lingekuwa hili: yana nitrojeni kiasi gani, na tanuri linayapasha moto kwa kasi gani?

Kiasi chenyewe hutofautiana mno. Shina la mti lililokauka lina nitrojeni kati ya asilimia 0.1 na 0.3 tu. Makapi ya miwa na pumba za mpunga kwa kawaida hayazidi asilimia 0.5 kwa mbali. Mabua na nyasi kavu hukaribia asilimia moja. Samadi kavu ya ng'ombe hufika karibu asilimia 2, majani mabichi huweza kuzidi hapo, na kinyesi cha kuku hupita asilimia 3. Maganda ya kahawa yanahitaji uangalifu, maana jina moja linabeba vitu viwili. Ganda jembamba linalobaki baada ya kukoboa kahawa iliyooshwa halina nitrojeni nyingi. Ganda la kahawa iliyokaushwa nzima, ile ambayo Waganda huiita kiboko na wakulima wa Kagera huiita kahawa ya maganda, limekauka pamoja na nyama ya tunda, protini zake na kafeini kidogo. Kafeini yenyewe ni nitrojeni kwa karibu asilimia 29 ya uzito wake. Ganda la aina hii hubeba nitrojeni mara kadhaa kuliko ukuni.

Sasa tulifuate ganda hilo linapotupwa kwenye tanuri. Haliwaki papo hapo. Joto hufukuza maji kwanza. Kisha, kuanzia nyuzi joto 200 hadi 300 hivi, minyororo mirefu iliyoujenga mmea huanza kukatika. Hatua hii wataalamu huiita pirolisisi, yaani maada kupasuliwa na joto pasipo oksijeni ya kuiunguza. Asilimia 70 hadi 80 ya uzito mkavu wa mmea hugeuka gesi na mvuke wa lami hapo. Gesi hizo ndizo zinazoshika moto na kuwa mwali. Kinachobaki chini ni mkaa, nao huungua baadaye, polepole, ukiwa mwekundu.

Nitrojeni hugawanyika katika hatua hiyohiyo. Sehemu yake kubwa imo kwenye protini. Iliyobaki imo kwenye klorofili, kwenye vinasaba na kwenye alkaloidi kama hiyo kafeini. Protini ikipata joto, asidi amino zake hujikunja na kufungana mbilimbili kuwa pete. Joto likiendelea, pete hizo hupasuka na kutoa gesi mbili za sumu: sianidi ya hidrojeni, ambayo ndiyo sumu inayofanya mhogo mchungu uogopwe, na asidi ya isosianiki. Ncha za amino zilizokuwa huru hutoka zikiwa amonia, yenye harufu ya mkojo wa zizini. Nitrojeni nyingine huondoka ndani ya mvuke wa lami ikiwa imejifunga katika pete ngumu zaidi, na nyingine hubaki ndani ya mkaa. Yote haya hukamilika kabla mwali wa kipande hicho haujaonekana.

Kinachoamua kila njia ipate fungu gani, zaidi ya kitu kingine chochote baada ya aina ya mmea, ni kasi ya kupashwa moto.

Fikiria tanuri la udongo la mchoma mkaa. Magogo yamefukiwa, hewa imebanwa, na joto hupanda kidogokidogo kwa siku kadhaa. Katika mwendo huo protini zina muda wa kukutana na sukari za mmea na kushikana nazo, kwa mmenyuko uleule unaoipa kahawa ya kukaanga na ukoko wa mkate rangi yao ya hudhurungi. Zikishashikana huwa sehemu ya mkaa, na nitrojeni yao hutulia humo. Kinachotoroka mapema katika upashaji wa polepole huelekea kuwa amonia.

Unga wa mbao unaopulizwa kwenye tanuri la nyuzi joto 900 hauna muda huo. Punje moja hupanda joto kwa kiwango cha mamia, hata zaidi ya nyuzi 1,000 kwa sekunde, na gesi zake zote huwa zimekwisha kutoka kabla sekunde haijatimia. Protini hupasuka na vipande vyake kurushwa nje kabla havijashikana na chochote. Mvuke wa lami nao huingia moja kwa moja kwenye joto kali linalozivunja zile pete ngumu, na pete hizo zikivunjika hutoa sianidi. Hivyo upashaji wa haraka hubakiza nitrojeni kidogo kwenye mkaa, huipeleka nyingi kwenye gesi, na katika gesi hiyo huongeza fungu la sianidi.

Unene wa kipande nao huingilia kati. Gogo likitupwa katika moto mkali, ganda lake la nje hupashwa kwa haraka lakini kiini hubaki kikipanda joto polepole, kwa sababu mti hausafirishi joto vizuri. Gesi za kiini lazima zipenye kwenye tabaka la mkaa wa moto ndipo zitoke. Njiani humo asidi ya isosianiki hukutana na mvuke wa maji na kuwa amonia, na sehemu ya sianidi hupata hidrojeni ikafuata mkondo huohuo. Ndiyo maana gogo na unga wa mti uleule, katika tanuri lilelile, hutoa mchanganyiko tofauti wa gesi. Ndiyo maana pia vipimo vya maabara mbalimbali vimepingana kwa miaka mingi: mtafiti mmoja alipasha gramu kadhaa kwa nyuzi 10 kwa dakika, mwingine akaweka miligramu chache juu ya waya uliowaka ghafla. Wote walipima sawasawa. Mtu akikuletea takwimu za gesi za pumba au maganda bila kutaja kasi ya upashaji, takwimu hizo bado hazijakueleza lolote la kutegemea.

Kwa nini ugawanyaji huu una uzito? Hewa tunayovuta ni nitrojeni kwa asilimia 78, na mtu angeweza kudhani kwamba nitrojeni kidogo ya kwenye fueli haiwezi kuongeza chochote. Lakini atomi za nitrojeni ya hewani zimefungwa mbilimbili kwa nguvu nyingi sana. Yakov Zeldovich, mwanasayansi wa Umoja wa Kisovieti, alieleza katika miaka ya 1940 jinsi mwali unavyoweza kuzitenganisha na kuziunganisha na oksijeni; kwa vitendo mwali unahitaji kupita nyuzi 1,500 hivi ndipo kazi hiyo iende kwa kasi ya maana. Tanuri nyingi za kuni na mabaki ya mazao hazifiki huko. Oksidi za nitrojeni zinazotoka kwenye bomba lao hutokana hasa na nitrojeni ya fueli yenyewe, ile iliyotoroka ikiwa amonia na sianidi. Na oksidi hizo ndizo zinazochokoza mapafu, kutengeneza ozoni ya karibu na ardhi na kuifanya mvua kuwa na asidi.

Hapa ndipo jambo linaponivutia zaidi. Amonia ikiingia kwenye moto wenye oksijeni tele, huungua na kuwa oksidi ya nitriki. Amonia hiyohiyo ikiwa mahali penye joto lakini pasipo oksijeni ya kutosha, huishambulia oksidi ya nitriki iliyokwisha kutokea na kuipokonya oksijeni yake. Kinachotoka ni nitrojeni ya kawaida isiyo na madhara, pamoja na maji. Richard Lyon wa kampuni ya Exxon aliliwekea hataza jambo linalokaribiana na hili katikati ya miaka ya 1970: alipuliza amonia ndani ya moshi wa tanuri, na oksidi zikapungua. Joto lazima liwe kati ya nyuzi 870 na 1,100 hivi. Likiwa chini ya hapo amonia hupita bila kufanya kazi, likizidi huungua yenyewe na kuongeza uchafu uliokusudiwa kuondolewa. Viwanda vingi duniani sasa hununua amonia au urea kwa kazi hii.

Fueli ya mimea hubeba dawa hiyo ndani yake. Mwenye tanuri akiingiza hewa kwa hatua mbili, kidogo chini panapotolewa gesi na nyingine juu baadaye, amonia ya fueli hupata nafasi ya kuziangamiza oksidi kabla hewa ya pili haijafika. Akiingiza hewa yote kwa pamoja, amonia hiyohiyo huwa oksidi. Fueli ni moja na tanuri ni moja. Mpangilio wa matundu ya hewa tu ndio uliotofautiana. Katika viwanda vya saruji nafasi hiyo ni kubwa zaidi. Mwali mkuu wa tanuri la saruji hukaribia nyuzi 2,000 na huzalisha oksidi nyingi kutoka kwenye hewa yenyewe, ila kabla ya bomba la moshi, kwenye viwanda vya muundo wa kisasa, kuna chumba cha nyuzi 900 hivi ambamo mawe ya chokaa huchomwa awali. Mabaki ya mimea yakilishwa humo pasipo oksijeni nyingi, gesi zake huzila oksidi zinazopita. Ganda la kahawa lenye nitrojeni, likiwekwa panapostahili, huweza kusafisha moshi. Likiwekwa mahali pasipostahili huuchafua. Wahandisi wetu wana uwezo wa kuamua hili, mradi waliomo kwenye ofisi ya ununuzi wawape takwimu.

Gesi moja ya ziada lazima itajwe: oksidi ya nitrasi, ile ambayo madaktari wa meno huitumia kupunguza maumivu. Katika tanuri za mchanga unaochemka, zinazofanya kazi kati ya nyuzi 800 na 900, sianidi huelekea kuizaa kuliko amonia. Kila kilo yake huipasha dunia joto kama kilo 273 za kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100, na pia hula tabaka la ozoni la juu. Kuni zina sifa njema hapa kuliko makaa ya mawe, kwa kuwa nitrojeni yake huelekea zaidi kwenye amonia.

Soko la Ulaya limeshaamua. Vidonge vya mbao vya daraja la juu vinavyouzwa huko kwa ajili ya majiko ya nyumbani haviruhusiwi kuzidi asilimia 0.3 ya nitrojeni, na kila daraja la chini yake lina kikomo chake. Kikomo hicho peke yake huzuia magome, majani na mabaki ya mazao kuingizwa kwa siri. Hatuhitaji kunakili kanuni hizo jinsi zilivyo, maana mabaki yetu ni mengi na kuyatupa ni hasara. Lakini karatasi ya mauzo isiyotaja nitrojeni haistahili kukubaliwa na kiwanda chochote kikubwa.

Nje ya viwanda, moto ni mkubwa zaidi. Afrika ndiyo bara lenye sehemu kubwa kuliko yote ya ardhi inayoungua duniani kila mwaka, nyingi ikiwa mbuga na misitu ya miombo. Mwaka 1990 Jürgen Lobert, Paul Crutzen na wenzao wa Taasisi ya Max Planck huko Mainz, Ujerumani, walichapisha matokeo ya kuchoma nyasi na kuni chini ya kifuniko kinachokusanya moshi wote, wakaihesabu nitrojeni gesi kwa gesi. Waligundua kwamba hadi nusu ya nitrojeni ya mimea huweza kuondoka ikiwa gesi ya kawaida ya hewani. Haidhuru mapafu ya mtu, lakini kwa udongo ni hasara kamili, kwa kuwa mmea hauwezi kuitumia tena mpaka bakteria au radi iifunge upya. Crutzen, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1995 kwa kazi yake juu ya ozoni, aliitazama mioto ya tropiki kama sehemu ya kemia ya anga la dunia nzima wakati ambapo wengi waliiona kuwa mambo ya vijijini tu.

Mwaka 2011 James Roberts na wenzake wa taasisi ya Marekani ya bahari na anga, NOAA, walichapisha vipimo vyao vya asidi ya isosianiki katika moshi wa mimea iliyochomwa kwenye maabara ya moto huko Missoula, Montana. Walitoa tahadhari kwa sababu asidi hiyo huyeyuka katika maji ya mwili na kujishikiza kwenye protini zake, na mmenyuko huo umehusishwa na mtoto wa jicho na magonjwa ya mishipa. Jikoni, wauaji wakuu bado ni chembechembe ndogo na monoksidi ya kaboni, na sitaki mtu aache kuwaogopa. Lakini mama anayepikia samadi anavuta moshi wa fueli yenye nitrojeni mara kumi ya ukuni mzuri. Shinyanga waliijua hali hiyo. Miti ilipokwisha, familia nyingi zilipikia samadi na mabua ya pamba, na shamba likakosa vyote viwili. Mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliwasaidia wafugaji na wakulima kurudisha ngitili, malisho ya kuhifadhiwa ambamo miti ilichipua tena. Watu husifu ngitili kwa kuni na nyasi. Naisifu pia kwa kuirudisha samadi shambani.

Hesabu ya shamba si ngumu. Hekta ya mahindi ikiacha tani 3 za mabua yenye nitrojeni asilimia 0.7, hizo ni kilo 21. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23. Anayechoma mabua hayo hurusha sehemu kubwa ya karibu mfuko mzima, na katika majivu hubakiwa na madini kama potasiamu na fosforasi tu. Haki inataka niseme kwamba mabua yaliyofukiwa hayatoi nitrojeni hiyo mara moja. Vijidudu vya udongoni huishikilia kwanza, na mahindi yaliyopandwa haraka juu yake huweza kugeuka manjano. Wamatengo wa Mbinga walilitatua jambo hili zamani. Katika ngoro zao, nyasi zilizofyekwa hupangwa kwa miraba kwenye mteremko na kufunikwa kwa udongo unaochimbwa katikati. Zao la kwanza juu ya matuta hayo ni maharage, yanayojitafutia nitrojeni hewani wakati nyasi zinaoza chini. Mahindi hufuata msimu unaokuja, yakakuta chakula tayari.

Kwenye mashamba ya miwa mambo ni kinyume. Miwa huchomwa kabla ya kukatwa kwa mkono ili kuondoa majani makali na nyoka, na kazi ya mkataji huwa nyepesi na salama zaidi. Sina ugomvi naye. Ila majani ndiyo yenye nitrojeni ya mmea ule, membamba, makavu, yanayopata joto ndani ya sekunde. Tani 10 za majani zenye asilimia 0.5 ni kilo 50 za nitrojeni kwa hekta, na vijiji vya jirani hupata moshi. Jimbo la São Paulo nchini Brazili lilipitisha sheria mwaka 2002 ya kuuondoa moto huo kwa awamu, na mashine zikachukua nafasi ya panga, jambo lililowanyima wakataji wengi ajira. Yeyote atakayependekeza hivyo kwenye mashamba ya miwa ya Kilombero aje na jibu la ajira hizo mkononi.

Maganda ya kahawa yana suluhisho jepesi zaidi. Kibanja cha Mhaya wa Kagera, chenye migomba na mibuni, kiliishi miaka yote kwa kulishwa nyasi za rweya, yaani mbuga iliyo wazi, na samadi ya ng'ombe; bila kulishwa, migomba hudhoofika. Ganda la kahawa ya maganda lilitoka katika kibanja hichohicho. Tani moja yake yenye nitrojeni asilimia 1.5 ina kilo 15, pamoja na potasiamu nyingi ambayo mgomba huihitaji kuliko karibu kila kirutubisho kingine na ambayo ndani ya boila huyeyuka na kugandamana kwenye mabomba. Pumba za mpunga, makapi ya miwa na unga wa mbao vina nitrojeni kidogo na vinafaa tanuri. Kiwanda cha kukoboa kinachopima nitrojeni ya maganda yake mara moja kwa msimu kinaweza kujua kundi lipi liende kwenye tanuri na lipi lipakiwe kwenye lori linalorudi kijijini.